Shahada ya taaluma mseto: Inamfaa nini kijana wa Kajiado anayetaka kuishi kwa sanaa?

MTOTO akisema nyumbani kwamba anataka kusomea sanaa, wazazi wengi wa Kitengela humtazama kama mtu aliyetangaza kwamba hataki kazi. Hawastahili kulaumiwa. Karo ya chuo kikuu hutoka kwa jasho: mshahara wa kiwandani Athi River, kibanda cha mboga kando ya barabara, mbuzi waliouzwa siku ya soko na, katika familia nyingi za Kajiado, kipande cha ardhi ambacho kikishauzwa hakirudi. Ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanyiwa wanachama wake mwaka wa 1988, na tangu wakati huo ploti zimekuwa zikikatwa na kuuzwa hadi malisho ya ng'ombe yakageuka mitaa ya nyumba za kupangisha. Anayeuza ekari moja ili mwanawe asome ana haki ya kuuliza mtoto huyo atakula nini baadaye.

Swali hilo limezidi ugumu kwa kuwa siku hizi kuna aina ya shahada ambayo hata jina lake halimwambii mzazi kitu. Si shahada ya uchoraji, si ya muziki, si ya biashara wala ya sheria, bali ni mchanganyiko wa hizo zote. Mwanafunzi husoma kiasi cha usanifu, kiasi cha mawasiliano, kiasi cha kompyuta, kiasi cha uchumi na utamaduni, na lengo linalotajwa ni kumtayarisha kwa kazi katika sekta ya ubunifu. Tuiite hapa shahada ya taaluma mseto.

Jina la sekta yenyewe halina umri mkubwa. Mwaka wa 1994 serikali ya Australia ilitoa sera ya utamaduni iliyousifu ubunifu kuwa chanzo cha mapato ya taifa. Miaka minne baadaye, mnamo 1998, serikali ya Uingereza ilichapisha orodha ya fani 13 ilizoziweka katika kapu moja, zikiwamo matangazo ya biashara, usanifu wa majengo, mavazi, filamu, muziki, uchapishaji na michezo ya kompyuta. Kilichoziunganisha fani hizo ni kwamba mali yake kubwa ni wazo linalomilikiwa kisheria, wala si mashine au shamba. Vyuo navyo vikafuata. Mwaka wa 2001 Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Queensland, mjini Brisbane, kilianzisha kitivo kizima cha sekta ya ubunifu, na mtindo huo ukaenea kwingineko. Kenya nayo iliridhia mwaka wa 2007 mkataba wa UNESCO wa 2005 unaolinda uanuwai wa kazi za utamaduni.

Afrika Mashariki ilikuwa na desturi tofauti. Shule ya sanaa ya Makerere, iliyoanzishwa na Margaret Trowell katika miaka ya 1930, ilimfunza mwanafunzi kuchora na kuchonga, basi. Vyuo vikuu vya Nairobi na Kenyatta vilipoanza kufundisha usanifu, sanaa za uchoraji, muziki na maigizo, kila fani ilikaa katika idara yake. Aliyejifunza kuchora hakufunzwa kuandika ankara. Aliyejifunza uhasibu naye hakuwahi kushika brashi. Mgawanyo huo ulifaa pale ambapo kazi kubwa ya mhitimu ilikuwa ualimu au ajira ya serikali. Kwa msanii anayejitegemea, mambo ni mengine.

Ili kuuelewa upungufu huo, tutazame kazi ambayo Kajiado haihitaji kufunzwa na mtu: ushonaji wa shanga. Wanawake wa Kimaasai wanaijua tangu utotoni, na rangi zenyewe zina lugha yake, nyekundu ya ushujaa na damu, nyeupe ya maziwa, buluu ya mbingu, kijani ya nyasi. Jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui ni kwamba malighafi yake imetoka ng'ambo kwa muda mrefu. Shanga za vioo zililetwa na misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani, zikiwa zimetengenezwa Venice na Bohemia, na hadi leo shanga ndogo zinazosifiwa kwa ubora hutoka Jamhuri ya Cheki. Yaani ufundi ni wa hapa, kioo ni cha kwao. Waliotangulia walichukua bidhaa ya kigeni wakaipa maana yao wenyewe, na huo ndio ubunifu kwa maana yake halisi, hata kama hakuna aliyeuita hivyo.

Sasa tupige hesabu ya mfano tu, si takwimu za utafiti. Tuseme mama mmoja wa Kajiado ametumia shanga, waya na uzi wa Sh500 kutengeneza mkufu, na kazi imemchukua siku mbili. Dalali anamlipa Sh1,000. Mkufu huo unauzwa katika duka la watalii kwa Sh3,500. Mshonaji amepata Sh250 kwa siku, na Sh2,500 zimebaki njiani. Ni rahisi kusema dalali ni mwizi, na pengine wengine ni wezi kweli. Lakini ukizichambua zile Sh2,500 utakuta ndani yake usafiri, kodi ya duka, picha nzuri, maelezo mafupi yaliyoandikwa kwa lugha anayoielewa mnunuzi, ufungaji, na imani ya mteja kwamba akilipa leo mzigo utafika. Kila kimoja kati ya hivyo ni taaluma. Upigaji picha ni taaluma. Uandishi ni taaluma. Kukokotoa bei, kujua ushuru, kuandaa mkataba na kusimamia malipo ya simu ni taaluma vilevile.

Hapo ndipo shahada ya taaluma mseto inapopata maana. Haimfunzi binti wa mama huyo kushona shanga, maana hilo analijua kuliko mhadhiri wake. Inapaswa kumfunza jinsi ya kuzirudisha nyumbani sehemu ya zile Sh2,500. Mzazi akiulizwa ekari yake imenunua nini, hilo linaweza kuwa jibu lenye uzito, mradi chuo kinafundisha hivyo kwa kweli.

Wakenya wanaojulikana duniani kwa sanaa wanatoa ushahidi wa aina yake. Mtayarishaji filamu Wanuri Kahiu hakuanza na kamera darasani. Shahada yake ya kwanza, aliyoipata mwaka wa 2001 katika Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, ilikuwa ya sayansi ya usimamizi, ndipo akaenda kusomea uongozaji wa filamu huko Los Angeles. Filamu yake 'Rafiki' ilikuwa mwaka wa 2018 filamu ya kwanza ya Kenya kuteuliwa kuonyeshwa rasmi katika tamasha la Cannes. Asiyejua jinsi filamu inavyotafutiwa fedha anaweza kudhani kwamba usimamizi na usanii ni mbingu na ardhi. Aliyewahi kusaka wafadhili wa filamu hawezi kudhani hivyo.

Lupita Nyong'o naye alisomea filamu na maigizo katika chuo cha Hampshire, Marekani, kilichojulikana kwa kumwacha mwanafunzi ajitungie mpango wake wa masomo kwa kuchanganya fani. Alitengeneza filamu ya hali halisi kuhusu watu wenye ulemavu wa ngozi nchini Kenya, 'In My Genes', iliyotoka mwaka wa 2009. Lakini hakuishia hapo. Alirudi darasani katika shule ya maigizo ya Yale, akahitimu mwaka wa 2012, na tuzo ya Oscar ikamfikia 2014. Wangechi Mutu, ambaye mwaka wa 2019 sanamu zake nne za shaba zilisimamishwa mbele ya jumba la makumbusho la Metropolitan jijini New York, aligusia anthropolojia pamoja na sanaa kabla ya kupata shahada ya uzamili ya uchongaji, pia Yale.

Msomaji makini ataona jambo katika simulizi hizo ambalo matangazo ya vyuo hulipita haraka. Hakuna hata mmoja wao aliyetosheka na mchanganyiko. Kila mmoja aliongeza fani moja aliyoizamia hadi chini. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka, na shahada inayomgusisha mwanafunzi vitu kumi bila kumwachia kimoja mkononi itamtoa akiwa na msamiati mwingi na ufundi haba. Mwajiri wa kampuni ya matangazo jijini Nairobi hatauliza umesoma masomo mangapi. Atasema, nionyeshe kazi.

Kuna sehemu moja ya mchanganyiko huo ambayo, kwa maoni yangu, ingetosha kuhalalisha karo hata kama mengine yote yangekuwa ya kawaida. Nayo ni sheria ya hakimiliki.

Chukua kijana wa Kitengela anayechora nembo kwa ajili ya duka la vifaa vya ujenzi. Amelipwa Sh5,000, amefurahi. Mwaka mmoja baadaye duka limekuwa na matawi manne na nembo ile iko kwenye malori, fulana na mabango. Kijana anadhani ana haki ya kudai chochote kwa kuwa ameichora yeye. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inasema kinyume: kazi iliyotengenezwa kwa kuagizwa, au iliyofanywa na mwajiriwa akiwa kazini, hakimiliki yake huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza au kwa mwajiri, isipokuwa pale ambapo pande mbili zimekubaliana vinginevyo. Sentensi moja katika mkataba ingebadilisha hali hiyo. Asiyeijua sentensi hiyo huuza ng'ombe akidhani ameuza maziwa.

Upande wa muziki mambo hayo hayo yapo. Marekebisho ya sheria hiyo ya mwaka wa 2022 yaliweka wazi mgao wa mapato ya miito ya simu, ile miziki anayoisikia mpigaji kabla simu haijapokewa: asilimia 52 ni ya msanii au mwenye hakimiliki, asilimia 39.5 ya kampuni ya simu na asilimia 8.5 ya wakala anayeisambaza. Zingatia maneno 'mwenye hakimiliki'. Mwimbaji aliyesaini karatasi studioni bila kuisoma anaweza kukuta kwamba mwenye hakimiliki si yeye. Nayo Sheria ya Fedha ya 2023 ilileta kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa mkazi wa Kenya anayelipwa kwa maudhui ya kidijitali, hivyo hata anayechekesha watu mtandaoni akiwa chumbani kwake Kitengela ameingia katika vitabu vya mtoza ushuru.

Kwa jamii ya Kimaasai suala hili ni zito zaidi, kwa sababu mali inayogombaniwa si ya mtu mmoja. Katika mkusanyo wake wa mavazi ya wanaume wa mwaka 2012, kampuni ya Louis Vuitton ilitumia vitambaa vya miraba vilivyowakumbusha watu wengi shuka la Kimaasai. Kampuni nyingine nyingi za ng'ambo zimetumia jina au taswira ya Wamaasai kuuzia bidhaa zao. Wazee wa Kimaasai wa Kenya na Tanzania waliunda shirika la kudai haki hiyo, na kampuni moja ya mavazi ya Uingereza, Koy Clothing, ikakubali kulipa ada ya matumizi. Pwani nako kulikuwa na kisa cha kikoi: mwaka wa 2006 kampuni ya Uingereza iliomba kusajili neno 'kikoy' kuwa alama yake ya biashara, ombi likapingwa na wanasheria pamoja na watetezi wa biashara ya haki, na halikufanikiwa.

Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 11, inalitaka Bunge kutunga sheria ya kuhakikisha jamii zinalipwa pale utamaduni wao unapotumiwa, na mwaka wa 2016 ilipitishwa sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Sheria ipo kwenye karatasi. Kinachokosekana ni watu wanaojua shanga na wanaojua sheria wakiwa ndani ya fuvu moja. Wakili wa Nairobi hawezi kueleza mahakamani kwa nini mpangilio fulani wa rangi ni wa ukoo fulani. Mama wa Kajiado anaweza kueleza, lakini hana namna ya kuandika hati ya madai. Binti aliyesoma vyote viwili ndiye anayehitajika, na hao ni wachache mno.

Je, kijana wa Kajiado aende wapi? Kwa jiografia hana shida kubwa. Chuo Kikuu cha Multimedia kiko Barabara ya Magadi, kabla ya kufika Ongata Rongai. Africa Nazarene kiko Rongai kwenyewe. Daystar, chenye jina katika mafunzo ya mawasiliano, kina kampasi Athi River, karibu sana na Kitengela. Nairobi kuna Kenyatta, Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Kiufundi. Orodha za kozi hubadilika kila mwaka, kwa hivyo badala ya kuzitaja ni heri kueleza namna ya kuzipima.

Kwanza, hakikisha kozi imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Jina la kuvutia bila idhini ni hasara tupu. Kisha omba mpango kamili wa masomo ya miaka yote minne, si kijitabu chenye picha za wanafunzi wanaotabasamu. Tazama kama masomo yanajengana au yamerundikwa tu. Ukiona mwaka wa kwanza kuna utangulizi wa usanifu, utangulizi wa uchumi na utangulizi wa kompyuta, na mwaka wa nne bado kuna utangulizi, ondoka. Tafuta mahali ambapo mwanafunzi anatakiwa kuchagua fani moja ya kuzama, na mahali ambapo fani zote zinakutana katika kazi moja: filamu fupi yenye bajeti na mikataba, au mkusanyo wa mapambo uliouzwa kweli na hesabu zake kukaguliwa. Uliza wahadhiri wangapi wamewahi kuishi kwa kazi hiyo. Uliza kuhusu vifaa, maana kozi ya filamu yenye kamera mbili kwa wanafunzi 80 ni kozi ya nadharia.

Uliza pia kuhusu mahali pa kufanyia mazoezi ya kazi. Kajiado ina pa kuanzia. Karakana ya vioo ya Kitengela, iliyoanzishwa na msanii mzaliwa wa Ujerumani Nani Croze, haiko mjini Kitengela kama jina linavyodokeza, bali nyikani upande wa Rongai, kwenye ukingo wa kusini wa Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Hapo vioo vilivyotupwa huyeyushwa na kugeuzwa glasi, shanga, taa na madirisha ya rangi. Mgeni huona uzuri. Mwanafunzi wa taaluma mseto angepaswa kuona zaidi: tanuri na gharama ya joto lake, ukusanyaji wa taka, mafunzo ya mafundi, utalii, bei na usafirishaji wa vitu vinavyovunjika. Ni darasa zima lisilo na ubao.

Wazazi wenye watoto wadogo wana jambo jingine la kufikiria. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10 Januari 2026, wakigawanywa katika mikondo mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Mkondo wa sanaa sasa una hadhi rasmi ambayo haukuwa nayo chini ya mfumo wa 8-4-4, ambao watahiniwa wake wa mwisho wa KCSE watafanya mtihani mwaka wa 2027. Hata hivyo mwanafunzi wa mkondo huo asiyetia bidii katika hisabati na lugha atajifungia milango ya upande wa biashara na sheria, yaani ile sehemu ya mseto yenye pesa.

Na asiyepata C+ inayohitajika kwa shahada? Stashahada huhitaji C-, na kwa fani hizi si njia ya waliofeli. Taasisi ya Mawasiliano ya Umma, KIMC, imekuwa ikiwafunza mafundi wa redio, televisheni na filamu tangu miaka ya 1960. Kijana anaweza kuanza na stashahada ya ufundi mmoja, akafanya kazi miaka miwili mitatu, kisha akaingia chuo kikuu akiwa na kitu mkononi na maswali kichwani. Karo ya stashahada kwa kawaida ni nafuu, na ekari inaweza kungoja hadi ijulikane kama mtoto anaipenda kazi yenyewe au alipenda jina lake tu.